Hapana, sitakuwekea Control Resonant kwa PS4 yako

Jumamosi alikuja wa nane. Nahesabu kweli, niko na daftari pembeni ya televizio ambamo naandikaka nani anadaiwa saa ngapi za kucheza, na ukurasa wa mwisho nimeuacha kwa hii kazi tu, kila anayeingia na swali lile lile napiga mustari. Huyu wa nane ni kijana wa Katuba, hapa Lubumbashi, heshima zake ziko sawa kabisa, PS4 yake kaifunga ndani ya kitenge cha mama yake, kaiweka juu ya meza polepole kama mtu analaza mtoto.

— Yaya, nimekuletea mashini. Utie SSD mule, ile disiki ya mbio, juu ile Control ya mupya ikitoka nataka ianze tu.

— Haitaanza, mudogo.

— Hata ukitia ya tera 1?

Nikanyamaza kwanza. Halafu nikapiga mustari wa nane.

Basi naandika mara moja, wa tisa akija nitamupa simu asome na mimi nitaendelea na turnevisi yangu.

Mchezo wenyewe wengi mnaujua, napita haraka. Control ya kwanza ilitoka tarehe 27 Agosti 2019, ya Remedy, wale wa Ufini waliotuletea Max Payne mwaka 2001. Jesse Faden anaingia Oldest House, jengo la serikali pale New York, ukiwa nje unalipita tu bila kuligeukia, ukiwa ndani halina mwisho, kuta zinahama, watu wanaelea hewani wananong'ona maneno ya Hiss, ile nguvu ya kigeni inayowaingia, na yeye katikati ya hiyo balaa yote anamutafuta mudogo wake Dylan. Sasa Control Resonant, ile walionyesha Desemba 2025, njo zamu ya Dylan, unamucheza yeye, na balaa imetoka nje ya jengo imeingia Manhattan, mji umepinda, barabara zinasimama wima kama ukuta. Inangojewa 2026 kwa PS5, Xbox Series, PC na Mac. Je, nimetaja PS4? Rudi usome tena mustari huo, mi niko hapa nangoja.

Sasa hii imani ya SSD imetoka wapi? Imetoka kwetu mafundi, tusidanganyane. Mteja analeta PS4 nzito, unatoa disiki ya zamani unatia SSD, anawasha, mchezo wa GTA unafunguka mbio, anashangaa, na wewe kwa furaha ya dola zako unamwambia "ona, sasa imekuwa PS5". Mimi mwenyewe nimesema hivyo, zaidi ya mara moja. Anarudi nyumbani anawaambia rafiki zake, rafiki wanaambia wengine, na leo wote wako mlangoni kwangu.

SSD inafanya kazi moja, inasoma haraka vitu vilivyowekwa. Basi. Na hata hiyo haraka ndani ya PS4 imekatwa miguu, juu inapita kwa SATA, ile njia ya kuunganisha disiki na mashini, na SATA hata ile nzuri inakomea kwenye megabaiti 550 hivi kwa sekunde, PS4 ya kwanza ya 2013 haifiki hata hapo. SSD ya PS5 inasoma gigabaiti 5.5 kwa sekunde, mara kumi, na pembeni yake kuna kipande kingine kinafungua data zilizobanwa bila kumusumbua prosesa, ule ubongo wa mashini. Kwa hiyo ukinunua SSD ya bei kali namna gani, ukiitia mule umeleta maji ya mto mzima unataka yapite kwa mrija wa soda. Utapata faida, ndiyo, ukikufa ndani ya mchezo hutangoja mpaka chai ipoe. Lakini kukufa utakufa vile vile.

Halafu, na hapa njo panaponikera zaidi ya pote, shida ya Control kwa PS4 haikuwa hata disiki! Nilimaliza ile ya kwanza kwa PS4 ya kawaida, haikuwa Pro ile yenye nguvu zaidi, kwa hiyo nasema kitu nilichoteseka nacho. Unakumbuka Jesse anavyofanya, ananyosha mkono, meza inang'oka, karatasi zote zilizokuwa juu yake zinapaa, anairusha kwa adui, inagonga nguzo, nguzo inamomoka vipande vipande na kila kipande kinaanguka kwa njia yake, kinagonga kiti, kiti kinaviringika. Nani anahesabu hayo yote? Kila kipande kiko wapi, kinaenda mwendo gani, kimegusana na nini, na hesabu hiyo ni mara 30 kila sekunde na huku maadui watano wanafikiri wakupige wapi. Ni prosesa. Na prosesa ya PS4 inaitwa Jaguar, jina kali, lakini AMD waliitengeneza kwa vikompyuta vidogo vya umeme kidogo, vichwa 8 vya kuhesabu, mwendo gigahezi 1.6. Ndani ya PS5 vichwa pia ni 8 lakini ni Zen 2, vinafika 3.5, na kila kichwa kimoja kina akili kuliko kile cha zamani. Memori gigabaiti 8 kwa 16. Nguvu ya grafiki hata sitaki kuanza, tutalala hapa.

Kwa PS4 yangu, vita ikipamba moto picha ilikuwa inaanguka mpaka unaweza kuzihesabu kwa vidole. Na ile ya kusimamisha! Kuna mteja mmoja aliniletea konsoli mara mbili wiki moja, anasema imekufa. Anasimamisha mchezo aende kula, anarudi, anafungua, picha imeganda, sauti inakwaruza, sekunde zinapita, anadhani imeungua anachomoa kabisa kwenye umeme. Nikaifungua mara ya kwanza: mavumbi mekundu ya kiangazi yamejishona juu ya feni kama blanketi, na mende mmoja amekauka kwenye kona, miguu juu. Nikasafisha, nikapaka pate mpya, ile dawa ya kupitisha joto, juu ya prosesa, nikamwambia imepona. Mara ya pili nikaweka diski yake mwenyewe ya mchezo, nikasimamisha, nikafungua, ikaganda mbele yetu wawili, halafu ikaendelea kama hakuna kitu. Konsoli ilikuwa nzima. Mchezo ulikuwa unaizidi nguvu, basi, na Remedy walitoa masahihisho baadaye, yalisaidia kidogo.

Hapo pia niseme ukweli ambao si mzuri kwa biashara. Kusafisha na kupaka pate, mi nawaambiaka wateja kwamba inaongeza mwendo. Ndani ya roho yangu nafikiri inapunguza kelele na kuzuia isizimike kwa joto, na mwendo ni vile vile. Bado nalipisha.

Unataka kuona tofauti, usisome namba zangu. Ile Control Ultimate Edition ya PS5 ilitoka Februari 2021, mchezo ule ule, jengo lile lile, Jesse yule yule, na unachagua fremu 60, yaani picha 60 kila sekunde, au fremu 30 zenye vioo na marumaru vinavyorudisha taa kama kweli. Nilipoingia chumba kile ambacho PS4 yangu ilikuwa inapiga magoti, nikang'oa kila kitu makusudi, meza, viti, mitungi ya moto, nikavirusha vyote. Hakuna kukwama. Nilicheka peke yangu kama mujinga.

Lakini ngoja, sitaki mtu mjanja anishike kwa maneno yangu. Kuna siku nilikuwa natoa hii hotuba hapa saloni yangu ya michezo na mmoja nyuma akauliza, na God of War Ragnarök je? Ilitoka 2022, ikaingia PS4, na ilikuwa nzuri kabisa. Nikakosa jibu la haraka. Ni kweli. PS4 ya 2013 ilibeba Ragnarök mgongoni. Kwa hiyo nikisema "PS4 haiwezi" nafupisha mno, jibu lililonyooka ni kwamba haiwezi mchezo uliopikwa tangu mwanzo kwa ajili ya mashini nyingine. Ragnarök walimufikiria PS4 tangu siku ya kwanza, korido zake, milango yake ya polepole, ile mianya shujaa wake Kratos anapita kwa kubanana, mara nyingi mambo kama hayo yanaipa mashini nafasi ya kupakia kilicho mbele. Remedy wamechagua kutomufikiria. Ni ufundi kiasi gani na ni pesa kiasi gani? Mi nafikiri vyote viwili, kutengeneza toleo la pili la mashini dhaifu kunakula watu na miezi, na Remedy si kampuni kubwa, bajeti ya huu mchezo wenyewe walitangaza kama yuro milioni 50, ambayo kwa michezo ya saizi hii si nyingi.

Walishaonyesha njia yao na Alan Wake 2, Oktoba 2023, PS4 hakuna. Mule walitumia mesh shaders, namna mpya ya kutuma maumbo kwa kadi ya grafiki, kadi yenyewe inatupa mapema kile ambacho hutakiona badala ya kukibeba chote. Kadi za PC za zamani kama GTX 1060 hazina hiyo, mchezo ukawa unatambaa. Machi 2024 wakatoa sasisho, hizo kadi zikapata nafuu. Unaona? Wakitaka wanaweza kurudi nyuma hatua moja. Ila hatua moja ya PC, si kushuka ngazi zote mpaka kwa Jaguar.

Sasa wale wa "yaya, yangu imekrakiwa". Kukraki kunafungua kufuli. Kufuli ya nyumba ipi? Nyumba ya PS4 ya huu mchezo haijajengwa. Hakuna faili, hakuna programu, hakuna kitu cha kufungua. Ile ya PS5 imeandikwa kwa mfumo wa PS5, ukiiweka kwa PS4 ni kama kumusomea mbuzi gazeti. Kuna mtu pale sokoni anauza flash, dola 10, imeandikwa kwa kalamu "CONTROL 2 PS4". Mteja wangu alinunua. Tukaifungua pamoja: ni Control ya 2019, picha ya juu tu wamebadilisha. Aliniangalia. Nikamwambia angalau ni mchezo mzuri.

Na mzuri ni kweli, njo maana mi mwenyewe siwezi kutulia. Dylan ndani ya ule wa kwanza anakaa kwenye chumba chake anasimulia ndoto, moja baada ya nyingine, sauti baridi, huwezi kujua kama anakutania au anakuonya. Watu waliruka yale mazungumzo waende kupiga. Mi niliyasikiliza yote, mara mbili. Leo huyo huyo njo wa mbele, na silaha ya mkononi inayobadilika umbo, yaani tunatoka kwenye bunduki tunaingia kwenye kupigana karibu. Hapo naogopa. Remedy wamepiga risasi tangu Max Payne, wanaijua risasi. Kupigana kwa mkono ni shule nyingine, kosa dogo la muda kati ya kidole na pigo na mchezo wote unakuwa kama kupigana ndani ya matope. Mchezo wao FBC: Firebreak wa Juni 2025 walijaribu kitu kipya pia, haikuuza. Lakini barabara zile zilizosimama wima, na mtu anazikimbilia juu kama kawaida... nimeitazama ile video mara nyingi kuliko ninavyotaka mke wangu ajue.

Kijana wa Katuba nilimusafishia PS4 yake, SSD nikakataa kumuuzia, nikapoteza pesa. Akaifunga tena kwa kitenge, akafika mlangoni, akageuka.

— Yaya, na ile PS4 Slim, ile nyembamba?

Mustari wa tisa ni wake pia. Hapa saloni PS5 ni moja tu, nyingine bado natafuta mtu anayepanda Kasumbalesa kule mpakani aniletee kwa bei ya kibinadamu, kwa hiyo siku ikitoka tutacheza kwa zamu, saa moja moja, na umeme ukikatika ukiwa katikati saa yako inaendelea kesho. Orodha imefunguliwa ndani ya daftari lile lile. Namba 2 ni kijana wa Katuba. Namba 1 nimejiandika mimi.