Je, wajua kwa nini njaa huweza kuvaa sura ya hofu?

Saa tano asubuhi. Tumbo halijaona kitu tangu jana usiku isipokuwa vikombe viwili vya kahawa. Unaandika ujumbe kwenye simu na kidole gumba kinatetema, kinagusa herufi siyo. Moyo unadunda hadi unausikia shingoni, jasho jembamba limekutoka, na lile neno moja alilosema bosi jana, ambalo hata hukulijali, sasa linaonekana kama dalili kwamba kazi imeota mbawa. Nusu saa baadaye unakula. Ukimaliza sahani, bosi amerudi kuwa bosi tu.

Nimekuwa mtu huyo kwa miaka, na nilijihesabu mwoga wa kuzaliwa. Haikunipitia akilini kwamba sehemu ya ule woga ilikuwa inatoka jikoni, au tuseme ilitokana na kutokwenda jikoni.

Kengele ni ile ile

Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nishati yote tunayotumia tukiwa tumetulia. Chakula chake kikuu ni glukosi, yaani sukari inayosafiri kwenye damu, na hauna ghala la maana la kujiwekea akiba. Ndiyo maana mwili hauchezi na kiwango cha sukari hiyo. Mtu mzima mwenye afya akipimwa asubuhi kabla ya kula huwa na kati ya milimoli 4 na 5.5 hivi kwa lita ya damu. Ikianza kupungua, ini hufungua akiba yake. Ikishuka hadi karibu 3.8, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini ili kulihimiza ini litoe zaidi, tena upesi.

Sasa, adrenalini hiyo ndiyo ile ile inayomwagika mbwa mkali anapokukurupukia. Haiji na maelezo kwamba leo nimetumwa na njaa, jana nilitumwa na mbwa. Moyo huenda mbio, mikono hutetema, na ubongo, ambao haupendi jambo lisilo na sababu, huanza kutafuta sababu. Mwenye deni ataliona deni. Mwenye mtihani atauona mtihani.

Mwaka 1962 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Stanley Schachter na Jerome Singer, walichapisha jaribio moja la kijanja. Waliwaambia wanafunzi wa chuo kwamba watadungwa vitamini ili wachunguzwe uwezo wa kuona. Ukweli ni kwamba baadhi yao walidungwa adrenalini. Kisha kila mmoja aliwekwa chumbani na mtu aliyepangwa aigize furaha au hasira. Walioelezwa mapema kwamba moyo utawaenda mbio walibaki watulivu zaidi. Ambao hawakuelezwa walielekea kuambukizwa hali ya yule mwigizaji. Waliorudia jaribio hilo baadaye hawakupata matokeo yale yale kila mara, kwa hiyo tusilifanye msahafu. Lakini yeyote aliyewahi kugombana na mwenzake kabla ya chakula cha mchana, wakapatana baada yake, anajua lilikokuwa likielekea.

Hapa tulitendee ini haki. Kwa mtu mwenye afya, kuruka mlo mmoja kwa kawaida hakushushi sukari kiasi cha kuamsha kengele. Kinachowakamata wengi ni mseto: kinywaji chenye sukari nyingi kwenye tumbo tupu, insulini, homoni inayoshusha sukari, inamwagika kwa pupa, na saa mbili tatu baadaye sukari inashuka chini kuliko ilipoanzia. Ongeza kahawa. Ongeza usingizi mbovu wa jana. Mwenye kisukari anayetumia insulini ana habari nyingine kabisa: kwake kutetemeka na kutokwa jasho ni ishara ya kupima sukari mara moja, au kunywa kitu kitamu kama kipimo hakipo, kabla ya kujiuliza lolote kuhusu wasiwasi.

Njaa ikidumu, haibaki kwenye mikono inayotetema. Mwishoni mwa 1944, Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea, mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwachukua vijana 36 wa kiume waliojitolea. Walikuwa wamechujwa kwa makini, wazima wa mwili na wa akili. Kwa miezi sita waliishi kwa takriban nusu ya chakula walichozoea, na wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Walikonda, ndiyo, lakini kilichowashangaza watafiti ni tabia. Watu wapole wakawa wanakasirika kwa jambo la bure, wakajitenga, wakajawa na wasiwasi na huzuni. Baadhi walianza kukusanya vitabu vya mapishi na kuvisoma kama wengine wasomavyo hadithi. Kilichokuwa kimebadilishwa hasa ni sahani. Huwa nawakumbuka vijana wale kila ninapoona mtu aliye kwenye mpango mkali wa kupunguza uzito anajilaumu kwamba siku hizi amekuwa na kisirani.

Kikombe kisichoisha usiku

Kahawa naipenda, kwa hiyo nitaisema bila chuki. Siku nzima ubongo hujikusanyia kemikali iitwayo adenosini, ambayo kazi yake ni kama ya mjumbe anayekwambia umechoka. Kafeini hukaa kwenye kiti cha mjumbe huyo. Uchovu haujaondoka; umekosa pa kukaa tu. Wakati huohuo moyo unaongezewa kasi na adrenalini inapanda kidogo.

Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini baada ya saa tano hivi, ingawa wengine hufikia nusu hiyo kwa saa tatu na wengine kwa saa saba. Kikombe chenye miligramu 100 ukikinywa saa kumi jioni, kufikia saa tatu usiku bado umebeba miligramu 50, sawa na mtu aliyetoka kunywa chai ya rangi wakati anatandika kitanda. Vidonge vya uzazi wa mpango na ujauzito huongeza muda huo. Uvutaji sigara huupunguza, na ndiyo sababu anayeacha sigara bila kupunguza kahawa huweza kujikuta anatetemeka na kudhani ni sigara inayomdai.

Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilisema mwaka 2015 kwamba miligramu 400 kwa siku hazimletei shida mtu mzima mwenye afya, na 200 kwa mjamzito. Hicho ni kiwango cha watu kwa ujumla. Mwenye wasiwasi uliokomaa huweza kuvurugwa na kikombe kimoja, na wataalamu wa magonjwa ya akili wanautambua wasiwasi unaosababishwa na kafeini kama tatizo lenye jina lake. Ukitaka kujipima, punguza polepole kwa wiki moja au mbili. Anayekata ghafla huzawadiwa maumivu ya kichwa, kisha anahitimisha kwamba kahawa ilikuwa dawa.

Pombe nayo hutuliza jioni na kudai asubuhi. Ubongo uliobonyezwa na kilevi hujisukuma kurudi juu, na kilevi kikiisha yale masukumo hubaki yenyewe.

Tumbo linalosemekana kuwa na akili

Labda umesikia kwamba karibu asilimia 90 ya serotonini, ile kemikali inayohusishwa na utulivu, hutengenezwa tumboni. Ni kweli. Kinachoongezwa baada ya hapo, kwamba basi kula hiki na kile serotonini ipande kichwani, si kweli. Serotonini ya utumbo haivuki kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Inafanya kazi zake huko huko chini, mojawapo ikiwa ni kuusukuma utumbo. Ubongo hujitengenezea ya kwake.

Mawasiliano yenyewe yapo, ila kwa njia nyingine. Kuna neva ndefu inayotoka shina la ubongo hadi tumboni, iitwayo vagasi, na nyuzi zake nyingi hupeleka habari kutoka chini kwenda juu, si kinyume chake kama tunavyodhani. Bakteria wa utumbo nao wana neno. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walionyesha kwamba panya waliolelewa bila bakteria wowote mwilini walimwaga homoni nyingi zaidi za msongo walipobanwa, na kwamba kuwapa bakteria fulani mapema utotoni kulirekebisha hali hiyo. Kwa panya wakubwa haikusaidia. Panya si mtu, lakini bakteria hao hula nyuzinyuzi ambazo sisi hatuwezi kuzimeng'enya: maharage, mboga, matunda, nafaka zisizokobolewa. Tukila laini na vitamu tupu, wao hulala njaa.

Kwa binadamu, jaribio linalotajwa sana ni la Australia, lililochapishwa 2017 likiongozwa na Felice Jacka. Watu 67 wenye sonona, wengi wao wakiendelea na matibabu yao, waligawanywa: nusu wakapewa mtaalamu wa lishe wa kuwasaidia kubadili mlo, nusu mtu wa kuzungumza nao tu. Baada ya wiki 12, takriban theluthi moja ya kundi la mlo walikuwa wametoka kwenye sonona, dhidi ya asilimia 8 upande wa pili. Ni kundi dogo, na ni sonona, si wasiwasi, ingawa ndugu hao wawili hutembea pamoja. Mimi huliona kama sababu ya kujaribu, si ya kutupa dawa ulizoandikiwa.

Kidonge huziba pengo. Je, pengo lipo?

Hili ndilo swali ninalotamani liandikwe kwenye kila kopo. Vitamini si mbolea, kwamba ukizidisha mavuno yanaongezeka. Ni kama bawaba za mlango: zikikosekana mlango hauendi, zikitosha, za ziada hazina pa kufungwa.

Pengo likiwepo, matokeo huweza kuonekana kama muujiza. Mwenye upungufu wa madini ya chuma hupungukiwa damu. Moyo hulazimika kwenda mbio ili oksijeni kidogo iliyopo ifike kila mahali, pumzi inakatika akipanda ngazi, na anaambiwa ana wasiwasi. Vitamini B12 hupatikana kiasili kwenye vyakula vitokanavyo na wanyama, hivyo asiyekula nyama, mayai wala maziwa anahitaji chanzo kingine. Anayetumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka naye apimwe, kwa sababu dawa hiyo hupunguza ufyonzwaji wake. Upungufu wa B12 huweza kuleta ganzi, usahaulifu na hofu zisizo na mwenyewe. Na jihadhari na kumeza foliki asidi (vitamini B9) nyingi ukiwa hujapima: huirekebisha damu ikaonekana nzuri huku neva zikiendelea kuharibika kimyakimya.

Pasipo pengo, habari huwa ndogo zaidi. Mafuta ya omega-3 yamepunguza dalili za wasiwasi kwa kiasi katika baadhi ya majaribio, na watafiti waliojumlisha majaribio 19 mwaka 2018 waliona nafuu hasa kwenye dozi za gramu 2 au zaidi kwa siku. Magnesi inasifiwa sana, ushahidi wake bado mwembamba, na dozi kubwa hukupeleka chooni kabla haijakupeleka usingizini.

Vitamini B6 ndiyo inayonichekesha kwa uchungu. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, waliwapa vijana miligramu 100 kwa siku, na waliopewa waliripoti wasiwasi uliopungua. Mwaka uliofuata ile mamlaka ya Ulaya niliyoitaja ilishusha kikomo cha juu cha vitamini hiyo hadi miligramu 12 kwa siku, kwa sababu ikizidi kwa muda mrefu huharibu neva za mikono na miguu. Watu humeza vidonge hivyo wakisema wanatuliza neva.

Mimea nayo si salama kwa kuwa tu ni mimea. St. John's wort, mmea wa maua ya njano unaotumiwa kutuliza moyo, huliamsha ini livunje dawa nyingine upesi kuliko kawaida: vidonge vya uzazi wa mpango, baadhi ya dawa za virusi vya UKIMWI, dawa za kuzuia damu kuganda. Ukichanganywa na dawa za sonona huweza kujaza serotonini hadi hatari. Ashwagandha, mmea wa tiba za jadi za India, imehusishwa na madhara ya ini, na Denmark iliipiga marufuku 2023. Hata kilicho kwenye kopo si lazima kiwe kile kilichoandikwa. Mwaka 1989 vidonge vya triptofani, asidi amino ya kawaida kabisa ambayo watu wengi waliinywa walale na kutulia, viliwaletea zaidi ya Wamarekani 1,500 maumivu makali ya misuli na kuwaua makumi. Mkosaji mkuu alikuwa uchafu uliotokea kiwandani.

Kwa hiyo kama wasiwasi umekaa wiki na wiki, kapime: wingi wa damu, chuma, B12, sukari, na tezi ya thairoidi iliyoko shingoni, kwa maana ikifanya kazi kupita kiasi huleta moyo kwenda mbio, jasho na kutetemeka kana kwamba imesomea uigizaji. Na hapa kuna mtego ambao wengi hawaujui. Vidonge vya nywele na kucha huwa na biotini nyingi, mojawapo ya vitamini B, na biotini huvuruga baadhi ya mashine za maabara. Homoni za thairoidi zikasomwa juu, homoni inayoichochea tezi hiyo ikasomwa chini, na mtu mzima wa afya akaonekana ana tezi iliyochachamaa. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu biotini 2017. Ukiwa unazimeza, mwambie daktari kabla hujanyoosha mkono, akueleze uziache siku ngapi kabla ya kipimo.