Je, wajua kwa nini trekta yenye tairi za meno marefu ndio inazama haraka kwenye mchanga?

Ukipita Teso, mashariki mwa Uganda, msimu wa kulima, kuanzia Kumi mpaka Soroti na kule Serere, utaona sehemu kubwa ya udongo ni kichanga, ule ambao karanga na muhogo zinaupenda na plau ya ng'ombe haipati shida nao. Siku hizi watu wanachanga pesa wanaleta trekta ndogo, hospawa 25, 30, 35 hivi, na dukani maswali ni yaleyale mawili: ina nguvu kiasi gani, na tairi zina meno? Muuzaji anapiga tairi kofi, anaonyesha meno yalivyotokeza, mteja anaridhika. Halafu inakuja siku trekta iko katikati ya shamba, tairi za nyuma zimechimba mpaka ekseli imelala chini, na vijana wameshika majembe wanaichimbua.

Basi watu wanasema meno yameisha, tuweke marefu zaidi. Au injini ni ndogo, tungenunua ya hospawa 50. Yote mawili yanaharibu mambo zaidi, na inafaa kueleza vizuri kwa nini, manake hapa ndipo pesa nyingi inapotea.

Meno marefu yalitengenezwa kwa ajili ya tope. Nenda Doho kule Butaleja, kwenye mpunga: juu kuna maji na tope laini, lakini ukishuka kidogo kuna tabaka gumu, na jino refu kazi yake ni kupita kwenye ule uji wote lifike kwenye tabaka lile, lijikite hapo, lisukume. Kwa hiyo ukizama kidogo kwenye mpunga sio vibaya, unazama ukifuata sakafu. Sasa mchanga mkavu wa juu hauna sakafu ya karibu. Jino linaingia, linakuta mchanga, linachota, linatupa nyuma, jino linalofuata linakuta shimo na kulichimba zaidi. Kila mzunguko tairi inajishusha yenyewe, na jino likiwa refu ndio kijiko kinakuwa kikubwa. Injini yenye nguvu zaidi inazungusha vijiko haraka tu, inafika chini mapema.

Ndio maana zile trekta ndogo za mitumba kutoka Japan zinahitaji kuangaliwa tairi kabla ya kuangaliwa injini. Nyingi zilifanya kazi kwenye mashamba ya mpunga, na zinakuja na tairi nyembamba za meno marefu sana. Injini inaweza kuwa nzuri kabisa, ila kwa mchanga wa Serere tairi hizo ni za kubadilisha.

Kwani mchanga unashikaje? Udongo wa mfinyanzi una gundi yake, ukiufinya mkononi unabaki bonge. Mchanga mkavu hauna gundi hata kidogo, punje zinashikana kwa msuguano peke yake, na msuguano unaongezeka kadiri punje zinavyobanwa. Hili Mfaransa Coulomb alilieleza tangu miaka ya 1770 na mpaka leo wahandisi wanaanzia hapo.

Chukua karanga zilizobanguliwa, zimerundikwa kwenye sakafu ya stoo. Panda juu ya rundo kwa kisigino: unazama, zinakimbia pembeni, na ukizungusha kisigino zinaruka nyuma mpaka unagusa sakafu. Sasa zitie karanga hizohizo kwenye gunia, shona mdomo, lilaze chini usimame juu yake kwa miguu miwili. Unasimama vizuri. Karanga hazijageuka kuwa ngumu, kilichobadilika ni kwamba hazina pa kukimbilia, uzito wako unazibana zenyewe kwa zenyewe na zikibanwa zinakataa kusogea. Shambani hakuna mtu wa kushona gunia, kwa hiyo inabidi tairi yenyewe ifanye kazi ya gunia. Tairi ikilala chini kwa eneo kubwa, mchanga ulio katikati ya eneo lile una safari ndefu kufika pembeni, umezungukwa na mchanga mwingine nao umebanwa vilevile, basi unatulia na kubeba mzigo. Tairi nyembamba yenye upepo mwingi ni kisigino, mchanga unatoroka kila upande.

Kwa hiyo kitu cha kutafuta ni eneo la tairi linalogusa ardhi, na hilo linatawaliwa sana na upepo. Tuseme tairi moja ya nyuma imebeba kilo 500. Ukiijaza psi 20, ambayo ni kama kilo 1.4 kwa kila sentimita ya mraba, inahitaji kugusa ardhi kwa sentimita za mraba 357 hivi ili ibebe mzigo huo. Ishushe mpaka psi 10, eneo linakuwa karibu 714, mara mbili, bila kununua chochote. Kwa kweli tofauti inakuwa ndogo kidogo kuliko hiyo, sababu kuta za tairi nazo ni ngumu na zinabeba sehemu ya uzito, na tairi ya pilai nyingi, yaani tabaka nyingi za ndani, inabeba zaidi. Lakini mwelekeo ni huohuo. Halafu utakuta fundi wa tairi barabarani amezoea malori, anajaza trekta psi 30 na kitu mpaka imekuwa ngumu kama mpira wa miguu, na mwenye trekta anashukuru.

Ralph Bagnold, mwanajeshi Muingereza, alivuka jangwa la Libya na magari madogo ya Ford kwenye miaka ya 1920 na 1930, na moja ya siri zake ilikuwa kutoa upepo kwenye tairi. Na kuna mfano wa mbali zaidi, mwezini. Gari la wanaanga wa Marekani wa Apollo 15 mwaka 1971 lilitembea kwenye vumbi laini na magurudumu ya wavu wa waya wa chuma, juu yake vipande vya titaniamu vilivyofunika kama nusu tu ya eneo, na mmoja wa walioweka msingi wa elimu ya magari kutembea kwenye ardhi laini ni mhandisi mzaliwa wa Poland, Mieczysław Bekker. Gari lile lilikuwa na mota nne, kila moja robo ya hospawa, jumla hospawa moja! Ni kweli mwezini vitu vina uzito wa sehemu moja kwa sita ya hapa na halikuvuta plau, kwa hiyo usilinganishe moja kwa moja, ila waliojenga lile gari hawakuhangaika na meno marefu.

Plau inabadilisha hesabu kidogo, manake kuelea tu hakutoshi, inabidi pia uvute. Kama msuguano unatokana na kubanwa, trekta nyepesi sana itaelea juu ya mchanga na ishindwe kuvuta. Unataka uzito, halafu unataka uzito huo umwagwe kwenye eneo kubwa. Watu wengi wanajaza maji kwenye tairi za nyuma mpaka robo tatu, inasaidia uzito, lakini maji hayabonyei na hewa inayobaki ni kidogo, tairi inakuwa ngumu zaidi, kwa hiyo kwa mchanga mimi ningependelea vyuma vya kufunga kwenye rimu. Habari njema ni kwamba udongo wa kichanga ni mwepesi kulima, plau haivutwi kwa nguvu kubwa kama kwenye mfinyanzi, ndio maana hospawa 30 inatosha kwa mengi ukiwa na plau ya diski mbili badala ya tatu.

Fowili, yaani injini kuzungusha tairi zote nne, ni ya maana sana hapa. Kwenye trekta inayoendeshwa na nyuma peke yake, tairi za mbele ni ndogo, hazijivuti, zinasukuma mchanga mbele yake na nyuma inalipia. Fowili inafanya za mbele zipande zenyewe. Ila usibadilishe saizi ya tairi za mbele au nyuma peke yake, kwa sababu gia zimepangwa ili za mbele zitangulie kidogo, asilimia chache tu, ukivuruga hapo mbele na nyuma zinapigana na gia zinaumia.

Tairi yenyewe sasa. Aina zake zina alama: R1 ni ile ya shamba ya meno ya kawaida, R2 ni ya mpunga na meno yake ni marefu kama mara mbili, R4 ni ya kazi za ujenzi, kuta ngumu, R3 ni pana, meno mafupi mengi, ya kwenye nyasi. Kwa mchanga mkavu kabisa, kama fukwe za Kalangala au kazi ya kuvuta trela kwenye njia za mchanga, R3 inaelea vizuri. Lakini Teso sio jangwa, bondeni kuna udongo mweusi unaonata na mvua ikinyesha R3 inajaa tope inakuwa laini kama sabuni. Kwa mtu anayelima huku na kule ningechukua R1 ya kawaida, yenye kipenyo kikubwa na upana wa kutosha, upepo mdogo. Kipenyo kinasaidia kuliko wengi wanavyodhani, tairi ndefu inapanda juu ya mchanga badala ya kuusukuma.

Saa ya kulima nayo ina maana. Mchanga wenye unyevu kidogo ni mgumu kuliko mkavu, maji yanakaa kati ya punje na kuzivuta pamoja, ndio maana pikapu za wavuvi zinapita karibu na ukingo wa ziwa. Ukiujaza maji kabisa nguvu hiyo inapotea. Siku moja au mbili baada ya mvua ndio wakati mzuri.

Kujua kama umepatia, chora mstari wa chokaa kwenye tairi ya nyuma, endesha bila plau mpaka tairi izunguke mara 10 upime umbali, halafu rudia plau ikiwa ardhini. Kama ilikuwa mita 40 ikawa 34, tairi inateleza asilimia 15, na kwenye mchanga asilimia 14 mpaka 16 ni sawa kabisa. Ikifika 25 punguza diski au ongeza uzito. Ukiona tairi inazunguka na trekta imesimama, kanyaga klachi hapohapo, inua plau, funga difloki (ile inayofanya tairi mbili za nyuma zizunguke pamoja) tairi zikiwa zimetulia, rudi nyuma moja kwa moja kwenye njia uliyokuja nayo, pale mchanga umeshabanwa.

Upepo usishushe chini ya kile kitabu cha tairi kinachoruhusu kwa uzito wako, kwa trekta ndogo mara nyingi ni kama psi 10 au 12. Chini ya hapo rimu inazunguka ndani ya tairi, inang'oa nozeli ya tyubu. Na ukitoka shambani na trela imejaa muhogo kwenda Soroti kwa lami, jaza kwanza, tairi laini kwenye lami inachemka na kupasuka kuta.