Saima: gazeti la mwanafalsafa lililofungiwa na serikali ya Tsar

Gazeti likifungiwa, wengi hudhani mhariri ameitukana serikali. Johan Vilhelm Snellman hakumtukana mtu. Kilichomponza mwanafalsafa huyu wa Ufini ni kuwahimiza wasomi wenzake watumie lugha ya wakulima.

Ufini ilikuwa chini ya Uswidi kwa karne nyingi, kisha mwaka 1809 ikaangukia mikononi mwa Urusi, iliyotawaliwa na mfalme aliyeitwa Tsar. Mtawala akabadilika, lakini lugha ya ofisini, mahakamani na chuo kikuu ikabaki Kiswidi. Walio wengi walizungumza Kifini. Mkulima aliweza kushtakiwa na kuhukumiwa kwa maandishi asiyoyaelewa hata kidogo.

Snellman alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu mjini Helsinki, mji mkuu. Alipotaka kutoa mihadhara kuhusu uhuru wa kitaaluma, wakuu wa chuo walimzuia, na baadaye akasimamishwa. Akaishi Uswidi na Ujerumani. Aliporudi hakupata nafasi chuoni. Mwaka 1843 akawa mwalimu mkuu wa shule huko Kuopio, mji mdogo ulio mbali na mji mkuu. Januari 1844 akaanzisha Saima.

Gazeti lenyewe liliandikwa kwa Kiswidi, tena kwa makusudi. Snellman alitaka kuwafikia makasisi, maofisa na wafanyabiashara, watu wenye uwezo wa kufungua shule za Kifini na kukiingiza Kifini maofisini. Wakulima nao aliwatolea gazeti lao la Kifini, Maamiehen Ystävä.

Sheria ya udhibiti ya 1829 ilitaka kila toleo likaguliwe kabla ya kuchapwa. Kwa hiyo yaliyotoka Saima yalikuwa yameshapita mbele ya mdhibiti wa serikali. Hata hivyo, mwishoni mwa 1846 gazeti likafungiwa. Jambo hili naomba lieleweke vizuri: makala kuruhusiwa ni jambo moja, gazeti kuachwa hai ni jingine. Mdhibiti alikagua maneno, makala kwa makala. Wakubwa walitazama gazeti zima linawapeleka wasomaji wapi.

Mwaka 1847 Snellman alirudi na jarida jingine. Kisha mapinduzi ya 1848 yakaitikisa Ulaya, na hofu ikazidi. Amri ya 1850 iliruhusu vitabu na magazeti ya Kifini kuzungumzia dini na uchumi tu. Habari za siasa na riwaya zilizotafsiriwa zikapigwa marufuku kwa Kifini, ilhali kwa Kiswidi ziliendelea kuchapwa. Msomi wa Helsinki aliweza kusoma habari ambayo mkulima wa Kuopio alikatazwa kuisoma kwa lugha yake. Kwangu mimi, hapo dola ilionyesha wazi kwamba ilimwogopa msomaji kuliko mwandishi.

Tsar Nikolai I alifariki 1855, na mwanawe Aleksandr II akalegeza kamba. Mwaka uliofuata Snellman alipewa uprofesa, na mwaka 1863 akaingia Seneti, chombo kilichoendesha serikali ya Ufini. Agosti mwaka huohuo, mjini Hämeenlinna, Tsar alitia saini amri iliyotoa muda wa miaka 20 ili Kifini kiwe sawa na Kiswidi katika ofisi na mahakama, kwa mambo yanayowahusu wazungumzaji wa Kifini.