Chili ya Cincinnati Haijakosewa, Ndivyo Inavyopikwa

Wiki hii nimeambiwa tena, na mgeni ambaye uma ulikuwa bado mkononi mwake, kwamba chili, yaani mchuzi wa nyama wenye pilipili na viungo, ya mji wetu wa Cincinnati huko Ohio, Marekani, ni chili ya Texas iliyomshinda mpishi: nyama imesagika mno, haikukaangwa, inanukia mdalasini, na kama hayo hayatoshi, imemwagwa juu ya tambi. Chakula hiki nimekila tangu utotoni na sasa ndicho ninachokipika kazini, kwa hiyo naomba nilieleze jambo hili hadi mwisho, kwa maana kosa haliko chunguni, liko katika kipimo kinachotumika kukihukumu chungu hicho.

Chili yetu haikutoka Texas. Mwaka 1922 ndugu wawili wa Kimasedonia, Tom na John Kiradjieff, waliozaliwa katika eneo ambalo leo limo ndani ya Ugiriki, walifungua mkahawa mdogo katikati ya mji, ubavuni mwa ukumbi wa maonyesho wa Empress, wakaupa jina la ukumbi huo. Chakula chao kina asili katika mchuzi wa nyama wa upande wa kwao, wenye mdalasini na karafuu, uliovishwa pilipili ya unga na kupewa jina ambalo Wamarekani walikuwa wamekwisha kulizoea. Hapo mwanzo tambi na mchuzi vilichanganywa. Wateja ndio walioomba mchuzi ukae juu, kisha jibini, kisha vitunguu na maharage, na mpaka leo tunaagiza kwa njia tatu (tambi, mchuzi na jibini), nne (pamoja na vitunguu au maharage) au tano (vyote pamoja). Waliofuata nao walikuwa wahamiaji: Nicholas Lambrinides, Mgiriki aliyeanzisha mkahawa wa chili wa Skyline mwaka 1949, na ndugu wa ukoo wa Daoud kutoka Jordan, walioanzisha ule wa Gold Star mwaka 1965. Msomaji aliyelelewa kwa pilau ya Pwani anajua vizuri kwamba mdalasini, karafuu na bizari nyembamba si wageni kwa nyama ya ng'ombe, na angetarajiwa kuwa wa mwisho kushangaa.

Sasa nije kwenye nyama, maana hapa ndipo uvumilivu wangu unapokwisha. Kila mpishi wa nyumbani amefundishwa kwamba nyama ya kusaga lazima ikaangwe kwanza mpaka igeuke rangi, na akisikia kwamba sisi tunaitia mbichi kwenye maji baridi anadhani tumeruka hatua kwa uvivu. Hatukuruka kitu. Nyama ya kusaga ikikutana na sufuria ya moto hujikaza papo hapo na kuwa madonge, na madonge hayo hayalainiki kabisa hata uyachemshe mchana kutwa. Ikivurugwa kwa mkono ndani ya maji baridi, kila chembe huachana na mwenzake kabla moto haujaifikia, na baada ya saa kadhaa za moto mdogo hupatikana mchuzi laini unaoshika kila uzi wa tambi na kuyeyusha jibini kutoka chini. Chungu kikishapoa hulazwa kwenye baridi usiku mzima, asubuhi mafuta yaliyoganda juu huondolewa, kisha hupashwa moto upya. Anayeleta nyama iliyokaangwa ameleta chakula kingine, ambacho huenda ni kitamu, lakini tambi itakiacha chini ya sahani.

Sitadai kwamba njia yetu haina gharama. Kukaanga huipa nyama uzito wa ladha ambao maji hayawezi kuutoa, na zipo siku ninapoonja chungu changu na kuona kwamba viungo vinafanya kazi ambayo nyama yenyewe ingepaswa kuifanya. Siki kidogo husaidia, ingawa haiondoi upungufu wote. Kuhusu chokoleti, ambayo wageni huitaja kama siri yetu kuu, wapo wanaotia kakao isiyo na sukari katika mapishi ya nyumbani, nami siitii. Nimewahi kuonja vyungu viwili, kimoja chenye kakao na kingine kisicho nayo, na tofauti haikunijia kwa urahisi, kwa hiyo sioni sababu ya kuifanya kakao kuwa roho ya chakula hiki.

Mapenzi yangu yote yako Camp Washington, mtaa wa mji wetu, kwenye kona ya barabara za Hopple na Colerain, ambako mkahawa wa mtaa huo umekuwapo tangu 1940 na kupewa tuzo ya James Beard, tuzo kubwa ya mapishi Marekani, ya mikahawa ya jadi mwaka 2000. Baba alikuwa akinipeleka huko usiku, kwa kuwa ulikuwa hauzimi taa, na tulikaa kaunta moja na madereva wa malori, wauguzi waliotoka zamu na watu waliovaa tai, wote wakila kitu kilekile kwa mwendo uleule. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba njia tatu haizungushwi kwenye uma kama tambi za Kiitaliano. Hukatwa kwa ubavu wa uma, kutoka ukingoni kuelekea katikati, ili kila tonge libebe jibini, mchuzi na tambi kwa pamoja. Anayechanganya sahani nzima huipoza jibini kabla haijayeyuka, kisha hulalamika kwamba mchuzi ni mwepesi.