Je, wajua kwa nini waandishi wa mataifa ya asili ya Marekani wenyewe bado huandika "Indian"?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba jambo hili lina jibu moja jepesi: "Wahindi Wekundu" ni tusi, "Native American" ni adabu, na anayetaka kusema kwa heshima aache la kwanza ashike la pili. Nilikuwa na hakika nalo kiasi cha kuwasahihisha wengine.

Kisha kundi letu la kusoma vitabu likachagua There There, riwaya ya Tommy Orange iliyotoka mwaka 2018, inayohusu watu wa mataifa ya asili wanaoishi mjini Oakland, California. Katika mazungumzo mwenzetu mmoja akasema "Indian", nami nikamkatiza. Hakubishana. Alifungua dibaji, akaniwekea kidole. Inaanza na mchoro wa kichwa cha mtu mwenye kilemba cha manyoya, uliokuwa ukioneshwa kwenye televisheni za Marekani wakati hakuna vipindi. Neno nililokuwa nalikataza liko pale tangu mstari wa mwanzo. Mwandishi, aliyeandikishwa katika mataifa ya Cheyenne na Arapaho ya Oklahoma, analirudia ukurasa hadi ukurasa bila kuomba radhi.

Basi swali langu likageuka. Ikiwa jina ni kosa, kwa nini wenyewe hawajalitupa?

Asili ya kosa inajulikana. Oktoba 1492 Christopher Columbus alifika visiwa vya Karibea akidhani amefika pembezoni mwa Asia. Watu wa Ulaya wakati huo waliita sehemu kubwa ya nchi za mashariki kwa jina la India, naye katika barua yake ya 1493 akawaita wenyeji "indios". Kuna hadithi inayopendwa sana kwamba neno hilo lilitokana na maneno ya Kihispania yenye maana ya "ndani ya Mungu", eti alivutiwa na upole wao. Niliipenda pia, lakini haina msingi: Columbus alikuwa akitafuta njia ya kwenda India, na alizitaja nchi alizozifikia kuwa ni India. "Wekundu" lilikuja baadaye. Kiingereza cha Uingereza ndicho kilichozoea kuongeza rangi ili kuwatenganisha na Wahindi wa India, na inaelekea Kiswahili kiliipokea rangi hiyo kutoka huko. Kwa hiyo jina letu la Kiswahili limebeba makosa mawili kwa pamoja, la ramani na la ngozi. Hilo la ngozi ndilo lisilo na mtetezi. Hata timu ya mpira ya Washington iliyojiita kwa neno la "ngozi nyekundu" iliacha jina hilo mwaka 2020, baada ya miongo ya malalamiko.

Lakini kosa langu halikuwa kulikataa neno la zamani. Lilikuwa kudhani kwamba neno la badala limezaliwa safi.

Chukua "native". Kwa wengi Marekani leo ni neno la kawaida na la heshima, na vijana wengi wa mataifa hayo hujitambulisha nalo. Sasa lirudishe kwetu. Sheria ya Kenya ya mwaka 1915 iliyoleta kipande, kile cheti ambacho wanaume Waafrika walilazimika kutembea nacho, wengi wakikining'iniza shingoni ndani ya kikopo cha bati, iliitwa Native Registration Ordinance. Tanganyika nayo ilikuwa na Native Authority Ordinance ya 1926. Mzee aliyeishi chini ya sheria hizo akisikia "native" hasikii heshima. Anasikia sauti ya bwana shauri. Neno ni lilelile, na pande mbili za Atlantiki limeonja midomo tofauti. Nilipoliona hilo nilitambua kwamba nilikuwa nikitafuta orodha ya maneno mema na mabaya, na orodha ya namna hiyo haipo.

Sasa turudi kwenye "Indian", maana hapa ndipo penye utamu. Tuseme babu yako aliitwa Mwinyihaji. Siku ya kupimiwa shamba alikuja karani mgeni asiyelijua jina hilo, akaandika "Muniaji". Babu hakujua kusoma, akaweka dole gumba. Miaka sabini baadaye, nyumbani hakuna amwitaye Muniaji. Hata hivyo hati inasema Muniaji, mchoro wa mipaka unasema Muniaji, na risiti zote za kodi ni za Muniaji. Siku jirani anapong'oa mawe ya mpaka, mtakwenda baraza la ardhi na jina lipi? La karani. Akija mtu wa mbali mwenye nia njema akawaambia mlifute kwa sababu ni la dharau, atakuwa amesema kweli kuhusu jina na amekosa kuhusu shamba, kwani shamba limelala ndani ya kosa hilo.

Ndivyo ilivyo Marekani. Katiba yao ya 1787 inataja biashara na "Indian Tribes". Kati ya 1778 na 1871 serikali iliidhinisha takriban mikataba 370 na mataifa haya, na humo ndimo zimo haki za ardhi, uvuvi na maji. Idara inayosimamia uhusiano huo, Bureau of Indian Affairs, ilianzishwa mwaka 1824. Huduma ya afya inatolewa kwa jina hilo. Sheria ya 1978 inayozuia watoto kuondolewa ovyo kwenye familia na mataifa yao ina jina hilo pia, na Mahakama ya Juu ya Marekani iliithibitisha mwaka 2023. Mwaka 1974 mahakama hiyohiyo ilikubali kwamba ajira ya upendeleo kwa watu hawa katika Bureau of Indian Affairs haikuwa suala la rangi ya mtu. Ilitokana na uhusiano wa kisiasa kati ya serikali na mataifa yanayotambuliwa. Leo mataifa yanayotambuliwa na serikali ya shirikisho ni zaidi ya 570.

Mfano wa shamba unatusaidia hatua moja zaidi. Wajukuu wa Muniaji wakiwa peke yao wanaweza kuitana "sisi akina Muniaji", kwa upendo na hata kwa fahari, kwa sababu wote wanakumbuka karani na dole gumba. Mgeni akiwaita hivyo njiani, itawachoma. Jina moja, na matumizi matatu: silaha barazani, utani nyumbani, dharau kinywani mwa mpita njia. Orange anapoandika "Indian" yumo nyumbani. Mimi niko njiani.

Mfano huu una mahali unapokomea, na ni haki kupasema. Mikataba mingi ilitiwa saini kwa shinikizo, na mingi ilivunjwa na serikali ileile iliyoitia saini. Kuna wakati serikali ilitaka kuichana hati yenyewe. Mwaka 1953 Bunge la Marekani lilipitisha azimio la kukomesha utambuzi wa mataifa haya, na katika miaka iliyofuata zaidi ya mataifa na jamii 100 zilifutiwa utambuzi. Wamenominee wa Wisconsin walifutiwa, wakapigania kurudishwa, wakarudishwa 1973. Anayetaka kuelewa jambo hilo kwa moyo na si kwa sheria asome The Night Watchman ya Louise Erdrich, iliyopata tuzo ya Pulitzer mwaka 2021. Imejengwa juu ya maisha ya babu yake, Patrick Gourneau, mlinzi wa usiku kiwandani na mwenyekiti wa Wachippewa wa Turtle Mountain, North Dakota, aliyepambana na mpango huo. Watu wake hawakufutwa. Nilipokisoma baada ya kosa langu, niliona jinsi mtu anavyoweza kulipigania jina ambalo hakulichagua.

Ukivuka mpaka kuingia Canada, ladha ya neno inabadilika. Huko Indian Act ya 1876 bado ni sheria, na ndiyo iliyoamua nani ahesabiwe na nani asihesabiwe. Mwanamke aliyeolewa na mume asiye na hadhi hiyo aliipoteza yake, na hali hiyo ilidumu hadi mwaka 1985. Wengi huko wakilisikia neno wanasikia sheria hiyo, kwa hiyo husema First Nations, yaani Mataifa ya Kwanza, na kando yao wapo Wamétis na Inuit, makundi mawili mengine yanayotajwa katika Katiba ya 1982. Kilicho sawa kwenye riwaya ya Oakland kinaweza kuumiza Winnipeg.

Je, mtu wa Tanga au Nakuru aseme nini, basi? Waandishi hawa wenyewe hutoa jibu ambalo mara nyingi liko kwenye jalada la nyuma: wanaanza na jina la taifa. N. Scott Momaday, aliyepata Pulitzer mwaka 1969, alikuwa Mkiowa. Robin Wall Kimmerer ni Mpotawatomi. Joy Harjo, aliyekuwa mshairi rasmi wa Marekani kuanzia 2019, ni Mmuscogee. Hii ndiyo adabu tunayoijua. Humwiti mtu wa Lamu "Mwafrika" ikiwa unajua kwamba ni Mwamu. Na kwa kuwa mataifa haya yana serikali na daftari la wananchi, mara nyingi "raia wa" ni sahihi kuliko "mwenye damu ya".

Hata majina ya mataifa yana makarani wake. "Sioux" ni kipande cha neno la Kiojibwe lililokatwa na Wafaransa, na wataalamu bado hawakubaliani lilimaanisha nini hasa. Wenyewe husema Lakota au Dakota. "Navajo" ni jina la majirani, wenyewe ni Diné, yaani watu. Sisi tunalijua jambo hili kwa karibu. Waogiek wa msitu wa Mau waliitwa Wandorobo, kutokana na neno la Kimaasai la kumtaja asiye na ng'ombe, hivyo fukara. Waliposhinda kesi yao dhidi ya serikali ya Kenya katika Mahakama ya Afrika jijini Arusha, Mei 2017, hukumu iliwataja kwa jina lao. Wahadzabe nao waliandikwa Watindiga kwenye vitabu vya zamani. Lakini usikimbilie kusahihisha. Baraza la Wanavajo limewahi kukataa pendekezo la kubadili jina rasmi liwe Diné. Hati, tena.

Kuna makosa yanayojificha kwenye sarufi. Gregory Younging, wa taifa la Opaskwayak Cree huko Canada, aliandika mwongozo wa uandishi, Elements of Indigenous Style, uliotoka 2018. Miongoni mwa anayoyaonya ni kuwamilikisha watu kwa dola iliyowakuta, kama "wenyeji wa Canada" kwa maana ya mali yake, na kuwaandika kwa wakati uliopita. Hili la pili lilinigusa, kwa sababu Kiswahili chetu cha shuleni kimejaa "waliishi kwenye mahema" na "waliwinda nyati". Mahema yale yalikuwa ya watu wa nyika za kati. Wapueblo wa kusini magharibi hujenga nyumba za udongo na mawe, za ghorofa, tangu karne nyingi. Na hawajapita. Katika sensa ya Marekani ya 2020 watu milioni 9.7 walijitambulisha kuwa wa mataifa ya asili, peke yake au pamoja na asili nyingine.

Neno "Inuit" lina mtego wake. Tayari ni wingi, maana yake watu, na mmoja ni Inuk. Tukiandika "Wainuit" tumeweka wingi juu ya wingi, kama kusema "wawatu". Mimi huandika Inuit watatu, Inuk mmoja. Wayupik wa Alaska si Inuit, ingawa zamani wote walitiwa kapu moja la "Eskimo".

Kazi iliyotushinda kundini ni tafsiri. Orange hutumia maneno "Urban Indians" kuwataja waliozaliwa mjini. Tulijaribu "Wahindi wa mjini", na msomaji wetu wa kwanza, mama mmoja wa Dar es Salaam, akauliza kama kitabu kinahusu Upanga au Kisutu, mitaa ya kwao yenye Wahindi wengi. "Wekundu" hatulitaki. "Wenyeji wa mjini" linageuza maana kabisa, kwani Oakland iko kwenye ardhi ya Waohlone, na Mcheyenne pale ni mgeni aliyehamia. Kwa sasa rasimu yetu inasema "Waindian wa mjini", na tumemwachia karani kosa lake lionekane.