Usichemshe Maji Kwanza: Saa 72 za Mwanzo Baada ya Ubakaji

Mwanamke aliyebakwa akikimbilia nyumba ya jirani usiku, anayempokea mara nyingi ni mama mtu mzima. Kwa huruma zake atachemsha maji amwogeshe, kisha ataloweka nguo. Alfajiri ushahidi huwa umekwenda na maji.

Mpe leso ajifunike juu ya nguo alizovaa. Asioge wala asisukutue mdomo. Nguo akizivua, zisifuliwe: kila moja itiwe kwenye mfuko wake wa karatasi ya khaki. Plastiki hufungia unyevu, nguo ikaota ukungu na ushahidi ukaharibika. Iliyolowa ianikwe kivulini kwanza. Na ikiwa ameshaoga, bado aende hospitali. Matibabu hayangojei nguo.

Saa ndizo zenye uzito. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, yaani PEP, huanzwa kabla ya saa 72 kupita, na kila saa inayookolewa ina faida. Humezwa kila siku kwa siku 28. Wengine huziacha njiani kwa sababu ya kichefuchefu, na hapo ndipo jirani anafaa sana: amkumbushe saa ya dawa, amletee chakula, amrudishe kliniki akizidiwa badala ya kumwacha akate tamaa. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hutolewa ndani ya saa 120.

Anayeishi Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, asingoje feri ivuke. Aanzie hospitali iliyo karibu. Hospitali Kuu ya Pwani, iliyoko kisiwani, ina kituo cha manusura wa dhuluma za kijinsia, na huduma zinaweza kuendelea huko baadaye. Hospitali haipaswi kudai barua ya polisi ndipo itibu. Mhudumu wa afya hujaza fomu ya PRC, yaani ya huduma baada ya ubakaji, na manusura aombe nakala yake. Fomu ya P3, yaani ripoti ya daktari kwa polisi kuhusu majeraha, hutolewa na polisi na kujazwa hospitalini. Hailipiwi.

Kisha huja kikao. Wazee wa pande mbili hukaa barazani, fidia ikatajwa, msichana akaambiwa asitiri jina la nyumba. Kikao hicho kina kazi yake katika ugomvi wa matumizi au wa mpaka wa kiwanja. Kwa ubakaji hakina mamlaka yoyote: chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya Kenya ya 2006, familia haiwezi kuifuta kesi, hata kama pesa zimeshapokelewa. Mzee wa mtaa anayesimamia malipo hayo anamlinda mhalifu, na tunasema hivyo waziwazi.

Ndani ya ndoa, dalili moja majirani huipuuza: kukabwa koo. Shingo yaweza isiwe na alama hata moja. Sikiliza sauti iliyokwaruza, tazama akimeza kwa taabu, angalia vidoa vyekundu machoni. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani mume aliyewahi kumkaba mkewe yu karibu zaidi na kumuua. Sheria ya 2015 ya Kinga dhidi ya Dhuluma za Nyumbani inampa mwanamke huyo haki ya kuomba amri ya ulinzi mahakamani, na mahakama inaweza kumwamuru mume atoke nyumbani. Si lazima yeye ndiye ahame na watoto.

Yote haya yanahitaji watu waliojipanga mapema. Chama cha akina mama kinaweza kutenga nauli isiyoguswa kwa mkopo. Dereva mmoja wa tuktuk anayeaminika akubali kupigiwa usiku wa manane. Vijana wa maskani wajue 1195, nambari ya bure ya simu ya msaada kwa dhuluma za kijinsia, na wasiwe wa kupiga picha. Imamu na mchungaji waambiwe mapema kwamba watakapoulizwa, jibu ni hospitali. Na ile mifuko ya khaki ikae ndani, pamoja na daftari la chama, maana saa nane za usiku duka limefungwa.