Nyumba za asili za Wamalay hazina giza kama inavyosemwa

Ile stori kwamba nyumba za zamani za Wamalay kule Malaysia zina giza kisa waliozijenga hawakujua mambo ya mwanga, eti vioo vikubwa vya siku hizi ndo suluhisho, ni ya miaka mingi ila haiko sawa. Malaysia iko karibu na ikweta, anga lake mara nyingi lina mawingu meupe yanayong'aa hadi yanaumiza macho, yaani shida ya pale siyo kupata mwanga, ni kuupunguza makali. Ndo maana paa linashuka chini na kutokeza mbali nje ya ukuta, halafu madirisha mengi yanaanzia karibu na sakafu maana watu walikuwa wanakaa chini, kwa hiyo mwanga unawafikia hapo hapo walipo, na juu kuna mbao za kuchonga zenye matundu ya kupitisha upepo na mwanga kidogo. Ukiingia kutoka juani utaona giza, ni macho tu, subiri kidogo. Nyumba mpya zilizobanana kwa mstari je? Nyingi zina madirisha mbele na nyuma tu, katikati taa zinawaka saa sita mchana, na kioo kikubwa kikileta joto mtu anafunga pazia siku nzima (sasa kioo cha nini?). Kusoma maandishi madogo kwenye nyumba ya zamani itabidi usogee dirishani, hilo sikatai.